Mkono au Mguu

Jumamosi, 6 Septemba

Chambo kibaya tena. Ngisi wamelainika mpaka hawashiki ndoana. Nilimwambia Katana asinunue kwa muuzaji yule yule, kajitia hamnazo. Tumetoka maji yakijaa, tukapita chini ya daraja la Nyali, tukatia nanga kandokando ya mikoko huko ndani, mto wa Tudor. Mshipi mmoja mkononi, wa pili nimeufunga kidole gumba cha mguu wa kulia. Ndivyo nivuavyo tangu sijaota ndevu. Pale bandarini hunitania, ati kidole cha Sudi chasikia samaki akipiga miayo.

Leo kidole kimya.

Mara Katana kapiga kelele: "Vuta! Vuta bwana, kidole chaenda!" Nikatazama. Kweli mshipi umekaza, kidole kimepinda, kimekuwa cheupe. Sikuhisi kitu. Hata kidogo. Nikamwambia namwachia ameze. Nilipovuta, ndoana tupu.

Katana kapata changu mzuri, akanipa mimi nije naye nyumbani. Zuhura kauliza, kama aulizavyo kila Jumamosi, nani kamvua. Nikasema mimi.

Jumapili, 7 Septemba

Sina raha. Nimekaa barazani, nimeinuka, nimekaa tena. Zuhura asema nina siafu nguoni. Mke huyu ana macho, sharti nitembee sawasawa mbele yake.

Niandike hapa, maana kwengine siwezi kusema. Mguu wa kulia umekufa ganzi. Ulianza vidole, sasa ni unyayo mzima mpaka kisiginoni. Sukari ninayo miaka mingi na dawa nameza. Daktari aliponiuliza mara ya mwisho kama miguu yahisi, nilijibu yahisi. Nilijibu upesi upesi, nikachukua dawa zangu nikaenda zangu.

Naogopa. Kaka yangu Mbwana alianza hivi hivi. Ganzi, kisha kidonda kwenye ukucha, kisha mguu ukakatwa, kisha tukamzika. Zuhura ndiye aliyekuwa akimwosha kile kidonda, kaka hana mke. Siku tulipotoka matangani aliniambia mbele ya watu: siku wewe utakapopata kidonda cha mguu, boti naiuza, usinitafute maneno. Na atauza. Zuhura hasemi kitu mara mbili.

Boti ikienda, nabaki na nini? Friji za watu ninazotengeneza.

Jumanne, 9 Septemba

Mgongo wa Katana umekataa nanga. Ni dereva, anaendesha gari la ofisi kutwa nzima, wiki nzima, na Jumamosi namvutisha nanga kila maji yanapogeuka. Leo kapita dukani kwangu akitembea kama aliyemeza ufagio. Hawezi tena, asema. Mimi nikimsaidia twainama sote upande mmoja, boti yalala.

Dawa yake iko kwa Bwana Murtaza, nyuma ya Ndia Kuu, anapouza nyavu na rangi za boti. Ameleta mashine ndogo za umeme, za betri. Hazipigi kelele kama ile yetu ya petroli. Waiwasha kidogo tu, yasukumana na mkondo, boti yasimama pale pale ulipo bila nanga. Tumekwenda sote wakati wa chakula cha mchana kuzitazama.

Ziko mbili. Moja ya mkono: yafungwa tezi, huku nyuma, washika mkono wake, waelekeza, waupinda kuongeza mwendo. Ya pili ya mguu: yafungwa omo, huku mbele, na waya wake waja mpaka kwenye pedali sakafuni. Kanyaga kwa vidole, yakata kulia. Kanyaga kwa kisigino, yakata kushoto. Kitufe cha kuiwasha kiko hapo hapo kwenye pedali. Mikono yako yote miwili huru.

Katana kasema ya mkono, pale pale, bila kufikiri.

Mimi nikasema ya mguu.

Jumatano, 10 Septemba

Naona sababu yangu wazi, si mjinga. Nikiwa na pedali, mguu una kazi. Mguu wenye kazi haufungwi mshipi. Hapana mtu atakayeniuliza kidole kimepatwa na nini. Nitakanyaga kwa uzito wa goti, sihitaji kuhisi. Na Katana atanishukuru kwa mgongo wake.

Nimefurahi kutwa. Nimemtengenezea mama mmoja friji yake bila kumgombeza.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilitembea mpaka Ngome ya Yesu na kurudi. Daktari ataka nitembee, na mimi leo kukaa siwezi. Nikazunguka uwanja, nikawapita wauza vinyago, nikarudi kwa Ndia Kuu, nikasimama kuzungumza na huyu na yule. Nimefika nyumbani nikavua kiatu.

Skrubu ndani. Skrubu ya mlango wa friji, nene. Imechora alama yake kwenye unyayo, shimo jekundu, bahati haikupasua. Nimetembea nayo asubuhi nzima na sikujua.

Nimeitupa dirishani. Kisha nikatoka kwenda kuiokota, watoto wasije wakaikanyaga.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala Katana kaja kula pilau. Zuhura humpikia kila Ijumaa ofisi yao ikimruhusu, amwita shemeji ingawa ni Mgiriama na Mkristo, na mkewe mwenyewe yuko Tononoka amempikia vilevile. Hula huku, akaenda akala huko.

Ubishi ukaanza kabla hatujanawa mikono. Mimi: mikono huru, mvuvi hana haja ya kuacha mshipi wake. Yeye: ya mkono ni rahisi, haina waya wa kukatika, na wewe ni mtu wa kukaa nyuma siku zote. Mimi: wewe huna habari ya umeme. Yeye: lakini ya pedali nina habari, yakhe, mguu wangu washinda juu ya pedali tangu sijaoa. Nikamwambia basi kaa nayo wewe. Akasema hapana, wewe shika ya mkono, mimi nitakaa mbele nivue.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia boti ni yangu. Ni kweli ni yangu. Lakini hatujawahi kusemezana hivyo, tangu tuanze kuvua pamoja sisi hatujui boti ni ya nani.

Katana kanitazama. Hakuutazama uso. Aliitazama miguu yangu, nimeikunja pale mkekani. Kisha akasema, "Haya Sudi. Ya mguu na iwe." Akamalizia pilau yake.

Nimeshinda na sina raha hata kidogo. Zuhura kaniambia nimemwaibisha mgeni. Si mgeni yule. Lakini amesema kweli.

Jumamosi, 13 Septemba

Hatukwenda baharini. Tumeichukua mashine. Bwana Murtaza muungwana, katuambia tujaribu kwanza, ikitushinda tubadilishe. Nimeibeba mwenyewe mpaka dukani kwangu. Katana kabeba betri, mgongo wake ule ule.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeiweka pedali sakafuni dukani, chini ya meza. Najifunza kama mtu ajifunzaye cherehani. Vidole, kulia. Kisigino, kushoto.

Nikiutazama mguu, watii. Nikitazama pengine, sijui uko wapi. Nikamwangalia mteja mlangoni, nikaambiwa, "Fundi, hiyo yako yazunguka." Mashine nilikuwa nimeifunga kwenye pipa la maji, rafadha yatimua maji, yamwagika mpaka njiani. Na mimi nilidhani nimeinua mguu.

Nitazoea.

Jumatano, 17 Septemba

Nimechimba kiti cha pedali kwenye ubao wa omo. Nimefunga bolti nne. Mbili zimechomoza kidogo upande wa ndani, msumeno wangu wa chuma umevunjika jino. Nitazikata wiki ijayo. Mguu hautafika huko.

Mikono yafanya kazi vizuri. Mikono haijanisaliti. Ningekuwa na akili ningeitumia hiyo.

Ijumaa, 19 Septemba

Katana hakuja kula. Katuma salamu, ofisi imemtuma mpaka bara na gari. Zuhura kamwekea pilau yake kwenye bakuli, kaifunika, kisha jioni kampa jirani.

Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Nimeikagua boti asubuhi na alasiri. Nimefuta betri isiyo na vumbi.

Jumamosi, 20 Septemba

Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Tulitoka vizuri. Mashine haina sauti kabisa, waiona tu kwa povu. Katana akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Tulipofika mahali petu nikaisimamisha boti dhidi ya mkondo, hakuna nanga, hakuna kelele, na samaki walikuwapo. Nilijiona mtu. Mguu niliutazama, kila saa niliutazama.

Kisha Katana akashikwa na kolekole. Mkubwa, mshipi wote unalia. Kasimama, kaegemea ubavuni, amezungusha mshipi kwenye vidole, jambo ninalomkataza kila siku. Nani asingetazama? Nikamtazama. Nikamtia moyo. Nikasahau kuna mguu.

Boti ikaruka mbele. Nilidhani nimeinua, wallahi nilidhani nimeinua. Mguu ulikuwa umelala juu ya kitufe kwa uzito wake wote. Tukaenda moja kwa moja kwenye mikoko. Samaki akaingia chini ya boti, mshipi ukaenda naye, ukamkata Katana vidole, akaanguka kwa magoti akiita jina la mamake. Mimi natafuta mguu wangu kwa macho na siuoni, umeteleza kwenye pembe ya omo na kitufe bado umekilalia. Mwishowe nikang'oa waya wa betri kwa mkono.

Tukakwama kwenye mizizi. Katana ameufumbata mkono, damu yapita kati ya vidole. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Tulirudi kwa ile ya petroli. Pale ngazini, mimi nafunga kamba, yeye na mkono wake mmoja ameosha boti. Akasimama omo. Akasema, "Sudi, hii damu ya huku mbele si yangu. Na samaki hatukumpata." Nikamwambia ni ya ngisi.

Ngisi hana damu nyekundu. Anajua yeye, najua mimi.

Nilipofika nyumbani nikaingia msalani nikavua kiatu nilichovaa pale ngazini. Bolti. Ubavu wa unyayo umepasuka, mpasuko mrefu kama kidole changu cha kati. Hauumi. Ndilo linalonitia kichaa, hauumi.

Jumapili, 21 Septemba

Nimeosha kwa maji ya chumvi, nimefunga kitambaa, juu yake nimezungusha utepe wa nyaya za umeme, ule mweusi, ushike. Nimevaa soksi. Zuhura kauliza soksi za nini na joto hili. Nimesema mbu.

Mkono wa Katana umeshonwa. Dereva asiyeweza kushika usukani. Ofisi imempa mapumziko, namshukuru Mungu ni watu wazuri. Mkewe kanisimulia kwa simu, anipa pole mimi. Anipa pole mimi!

Jumatatu, 22 Septemba

Nimekwenda kazini. Nimekaa. Nimeinuka. Nimekaa. Friji ya watu wa chai imenishinda, nimeichomeka mara tatu bila kujua nilichokuwa nikitafuta.

Utepe sijaufungua. Naogopa kuutazama.

Jumanne, 23 Septemba

Leo kuna harufu.

Katana alikuja dukani kabla ya adhuhuri, mkono umefungwa mpaka kifundoni. Kavuta mlango nyuma yake. Hakusalimu, na yeye ni mtu wa salamu ndefu.

"Vua kiatu."

Nikamwambia ana wazimu. Akasema, "Vua, Sudi, au nakwenda kumwambia shemeji sasa hivi aje akuvue yeye."

Nikavua. Akakata utepe kwa mkasi wangu wa nyaya, kwa mkono wa kushoto, taratibu kama amvuaye mtoto nguo. Alipoona, akageuza uso. Kisha akaurudisha.

Akasema anajua zamani. Tangu msimu uliopita. Kila Jumamosi alikuwa akitazama mshipi wake jicho moja na kidole changu jicho la pili, na kinapovutwa hukohoa, au hutikisa boti, nipate kutazama chini. Ile siku alipiga kelele kwa sababu kidole kilikuwa kinakatwa. "Mimi ni dereva," kasema. "Mtu asiyejua mguu wake uko wapi namjua akikanyaga mara moja. Kwani nilitaka ya mkono kwa nini? Nilitaka uwe na kazi ya mikono, usiulizwe na mtu."

Nililia. Naandika kama ilivyokuwa. Nililia katikati ya friji za watu, na yeye alikaa juu ya mtungi wa gesi akangoja.

Ameniambia nina mpaka magharibi nimwambie Zuhura.

Jumatano, 24 Septemba

Nilimwambia. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, kisha akaweka sinia chini, akaniambia niulete mguu. Akaunusa. Zuhura kamwosha kaka yangu, anajua kidonda kinavyonuka siku hadi siku.

Akavaa buibui, akaita tuktuk mpaka mlangoni.

Hospitali wamesafisha, wamekata nyama iliyoharibika, nilikuwa natazama dari na sikuhisi. Daktari kijana, mwanamke, kauliza kama miguu yahisi. Nikafungua mdomo. Zuhura akasema, "Jibu." Nikajibu.

Asema sijachelewa sana. Asema pia hawezi kuahidi.

Ijumaa, 26 Septemba

Mguu umewekwa juu ya mto kama mgeni wa heshima. Sitakiwi kuukanyagia. Mimi, ambaye sijui kukaa.

Zuhura anaosha kidonda asubuhi na jioni. Hazungumzi nami ila kwa kazi: inua, geuza, haya. Hii adhabu naijua, naistahili, siipendi.

Jumapili, 28 Septemba

Nimemwota Mbwana amekaa barazani. Asubuhi nimemwuliza Zuhura kama mguu wangu wafanana na wake ulivyokuwa. Akasema, "Wako mwekundu. Wake ulikuwa mweusi." Kisha akatoka. Namsikia jikoni akipenga kamasi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kuna mtu alikuja kuitazama boti. Nimesikia sauti yake mlangoni, Zuhura akimweleza imefungwa wapi. Amesema kweli basi. Nimegeukia ukuta. Sina haki ya kusema kitu na moyo wanichemka vilevile.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefoka. Uji una chumvi, dirisha lina jua, redio inabwata. Zuhura kanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha yeye akafungua mdomo, na sijawahi kumsikia hivyo.

Hakusema habari ya kidonda. Alisema habari ya soksi. Kwamba nilimtazama usoni nikamwambia mbu. Kwamba kaka yangu naye alikuwa akimwambia ni mbu, ni upele, ni kiatu kipya, mpaka ikawa hakuna mguu. "Sukari ni ya Mungu," kasema. "Uongo ni wako, Baba Rukia."

Nimemwambia, niwie radhi. Akasema ataona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kidonda kinaota nyama mpya. Daktari kafurahi, mimi nimemwuliza mara mbili kama ana hakika. Zuhura kaniambia, mwache dada wa watu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jumamosi na niko kitandani. Nimejua maji yamejaa kwa sauti za watu wa huko chini. Katana alikuja badala ya kwenda. Vidole vyake vimepona, kimoja hakikunjiki mpaka mwisho. Ameanza kuendesha tena. Nilimwomba radhi kwa kile kidole. Akasema afadhali, sasa kina sababu ya kutofanya kazi.

Alikaa sana na Zuhura jikoni. Walinong'ona. Mimi na mto wangu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekwenda mpaka mlangoni kwa mkongojo. Jirani kanipongeza kama nimetoka kuhiji.

Jumapili, 19 Oktoba

Zuhura kaweka mezani viatu. Vya mpira, vizito, vimefunika mpaka kifundoni, ndani vina sufi. Alimwuliza daktari, akavitafuta mwenyewe Mwembe Tayari.

"Huingii botini bila hivi," kasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, si umeiuza? Akasema yule mtu aliitaka, lakini yeye mwenyewe Zuhura akaenda kuitazama boti kabla ya kumpa jibu. Akamkuta Katana ndani, anang'oa zile bolti zangu kwa vidole vile. Ameirudisha mashine ya mguu kwa Bwana Murtaza, ameleta ya mkono, ameifunga tezi, mahali pangu. Hakumwuliza mtu. Zuhura alisimama pale ngazini na buibui lake akamtazama mpaka akamaliza. Kisha akarudi nyumbani, akampigia yule mnunuzi akamwambia haiuzwi.

"Nikiiuza utanifia kitini," kasema. "Na mimi nitakuwa nimekuua kwa wema."

Masharti yake: viatu ndani ya boti, nje ya boti, msalani. Nyayo atazikagua yeye kila asubuhi na kila nirudipo. Na nikiulizwa nijibu.

Viatu ndani ya boti. Nimewacheka watalii maisha yangu yote kwa hilo. Mtu huacha viatu ngazini, huo ndio ustaarabu wetu. Nimevijaribu chumbani. Natembea kama bata.

Jumapili, 26 Oktoba

Daktari ameruhusu. Kidonda kimefunga, kimebaki mstari wa waridi. Ganzi haitarudi nyuma, kasema, huo mguu utabaki hivyo. Nimemwambia najua.

Ni mara ya kwanza nimelisema bila kukimbia.

Jumamosi, 1 Novemba

Tumetoka maji yakijaa. Watu wa ngazini wameviona viatu, mmoja kaniuliza kama nakwenda kupanda mlima. Nimemwambia ndiyo.

Nimekaa tezi. Mkono wa kushoto kwenye mashine, wa kulia kwenye mshipi. Ni rahisi, Katana alisema tangu mwanzo. Waisikia mkononi jinsi mkondo unavyoisukuma, wairudisha kidogo, boti yatulia. Nilikuwa nimesahau raha ya kusikia kitu.

Katana kakaa omo. Akatoa mshipi wa pili, wangu mimi, akavua ndara, akaufunga kidole chake gumba. Fundo baya. Nikamwelekeza, akafungua, akafunga tena. Ana kidole kinene cha mtu wa klachi. Kila wimbi alipiga kelele samaki, samaki. Nikacheka mpaka machozi. Kisha akachoka kunifurahisha, akaanza kunisimulia bosi wake na gari jipya.

Nami nikawa natazama kidole.

Kimetikisika. Kidogo sana, mara moja, kikatulia. Yeye yumo katika hadithi, anadhani ni maji. Kikatikisika tena. Mimi nilikihisi pale nilipokaa, ndani ya kiatu cha mpira, mahali pasipohisi kitu. Labda si kuhisi. Labda ni kujua tu.

Nikamwambia, "Katana. Vuta."

Alikuwa changu, si mkubwa.

Nyumbani Zuhura kaniketisha dirishani, kanivua viatu, kapitisha kioo chini ya unyayo, huu na huu. Hakuna kitu. Akamchukua samaki, akauliza nani kamvua. Nikasema Katana. Akasema anhaa, akaenda kumpaa magamba.